Siku ya Kupima Mnara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Violeth alimnywesha uji mdogo wake, Enock. Zamani Enock alishika kikombe mwenyewe. Siku hizi mikono ilimtetemeka, uji ukamwagika kifuani, naye akalia kwa hasira. Usiku aligaagaa kitandani, na Violeth aliyelala naye hakupata usingizi. Darasani alikaa akichezesha miguu, akiwaza ya nyumbani.

"Ni ule mnara wa simu," alisema baba yao, Mayala. "Mionzi yake inamuua mtoto."

Mnara ulikuwa nyuma ya nyumba yao, pale Katoro. Mayala aliwashawishi majirani mpaka siku moja wakakusanyika na mashoka, wakitaka kukata nyaya zake. Mwenyekiti wa mtaa aliwasihi wasubiri kwanza, kwa kuwa alikuwa amemwita mhandisi wa kupima mawimbi.

Mhandisi huyo alikuwa mwanamke aitwaye Mwanaima. Alitoa kwenye begi kifaa chenye kioo kidogo, akakiunganisha na fimbo yenye tufe jeupe kichwani.

"Shikamoo, mama," Violeth alisema. "Hilo tufe ni la nini?"

"Marahaba. Hilo linanasa mawimbi ya redio, na kioo kinatuonyesha nguvu yake."

Mwanaima alipima chini ya mnara, kisha uani, kisha chumbani kwa watoto. Kila mahali alisimama kimya mpaka namba zitulie. Majirani waliojaa mlangoni walinung'unika kwamba anachelewa. Violeth alikitazama kioo bila kupepesa. Aliomba namba iwe kubwa. Ikiwa kubwa, mnara utaondolewa na mambo yote yataisha.

"Ni ndogo sana," Mwanaima alisema. "Haifiki hata sehemu moja ya mia ya kiwango kinachoruhusiwa."

"Kipimo chako kibovu!" Mayala alifoka.

"Hebu piga simu, baba, uisogeze hapa."

Mayala akapiga. Namba zikaruka juu. Alipokata, zikashuka. Kumbe kifaa kilikuwa kizima.

Mwanaima akamtazama Enock. "Lakini mtoto anaumwa kweli. Kifaa hiki kinajua mawimbi tu, hakijui kitu kingine. Humu ndani mnatumia dawa gani? Kuna moshi wa aina yoyote?"

"Hakuna," Mayala alijibu upesi.

Violeth alijua si kweli. Kila baba alipotoka machimboni, alichoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki, ili ibaki dhahabu tupu, kwenye jiko la mkaa, humohumo chumbani, dirisha likiwa limefungwa. "Mambo ya dhahabu hayatoki nje ya mlango huu," alikuwa amewaonya. Violeth alimtazama baba, akamtazama Enock, akatazama mlango. Alitamani kukimbia.

"Baba anachoma dhahabu humu," alisema hatimaye. "Enock huwa amelala."

Mayala aliinua mkono ampige. Enock akajikunja ukutani, vidole vikimtetemeka. Mkono wa Mayala ukashuka, naye akaketi kitandani taratibu.

"Nilidhani ni moshi tu," alisema.

"Zebaki ikichomwa, mvuke wake ni sumu," Mwanaima alisema. "Mpelekeni hospitali leo. Nyote mkapimwe."

Huko Geita mjini, mkojo wa Enock ulipopimwa ulikutwa na zebaki nyingi, wa Violeth na baba kidogo tu. Daktari alimpa dawa, akaagiza mtoto asirudi kwenye nyumba ile. Enock akahamia kwa bibi yake aliyeishi mtaa wa Kalangalala. Uponaji wake ulikuwa wa polepole. Kuna siku aliweza kushika kijiko, kesho yake kikamponyoka tena. Violeth alipokwenda kumsalimia na kumkuta amelala fofofo mchana, alikaa pembeni akimsikiliza anavyopumua.

Mayala aliacha kuchomea nyumbani. Siku ya mkutano wa mtaa alisimama mbele ya walewale waliokuja na mashoka.

"Nilipigana na mnara kwa sababu sikutaka kulitazama jiko langu," alisema. "Mtoto akiumwa, msikisie. Mpelekeni akapimwe, na mkiulizwa semeni kweli yote. Binti yangu alisema kweli huku mimi, baba yake, nikificha. Ndiyo maana mdogo wake yuko hai. Sasa nawauliza: nani mwingine anachomea ndani?"

Kisha mwanamke mmoja aliyesimama nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akainua mkono.