Mkwe Wangu Haniogeshi

"Baba, huyu Koku nataka kumuoa."

Mihayo aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Mimi wakati huo nilikuwa nimemlaza baba yake ubavu, nimemfunua mgongo mpaka chini, na kitambaa cha maji ya vuguvugu ninacho mkononi. Jamani! Jioni ilikuwepo. Jumapili baada ya misa ilikuwepo. Yeye akaona hiyo ndiyo saa ya kutangaza uchumba.

Mkono mzima wa Mzee Shigela, ule ambao kiharusi hakikuugusa, ukalivuta shuka taratibu mpaka kiunoni.

"Toka," akasema.

"Nani baba, mimi?" Mihayo akauliza.

"Wewe utatoka baadaye. Yeye kwanza."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana Wasukuma wakianza kututania sisi Wahaya hawana breki.

"Mzee, acha nimalize kidonda, halafu nitatoka."

"Nimesema toka, mkwe."

Mkwe! Nimemwogesha mzee huyu tangu alipotolewa hospitali akiwa hajui hata jina lake. Nimemlisha uji, nimembadilisha pampasi, nimemgeuza kitandani mchana kutwa ili kile kidonda cha kulala sana, pale juu ya makalio, kipate hewa. Alipoletwa kilikuwa shimo la kuingia yai. Sasa kilikuwa kimebaki kama kifuniko cha soda. Siku zote hizo nilikuwa "nesi". Neno moja la mwanawe likanigeuza mkwe, na kwa mzee yule mke wa mwanawe haoni mwili wake, basi. Hata kwetu Kagera wakwe tunawaheshimu sana, lakini nadhani kwetu mtu angesubiri kwanza nimalize kuosha.

Nikamkuta Mihayo nje, amejiegemeza kwenye jiwe tunaloanikia nguo. Nyumba zetu huku Ilemela, Mwanza, ziko katikati ya mawe, na siku ile nilitamani limwangukie.

"Wewe una akili kweli?"

"Si wewe ulisema nakuficha? Ukasema nikutambulishe kwa baba."

"Nilisema unitambulishe. Sikusema unitambulishe nimeshika makalio yake!"

"Atazoea."

"Azoee nini? Wewe ndiye Msukuma hapa. Hukujua kwamba atakataa?"

Akajikuna kichwa. "Nilijua. Ila wewe ni nesi, nikadhani kwa nesi haihesabiki."

"Mawe, mama yangu! Haihesabiki! Haya, mimi nimeshafukuzwa. Ingia ukamwogeshe wewe, mtoto wake wa kiume."

Mihayo akarudi nyuma kama nimemwambia ashike nyoka.

"Koku, mimi nikiona kidonda nadondoka. Unajua hilo. Nitaleta mtu."

Na kweli akamleta. Antoni, mwanaume mwenye cheti cha uuguzi na mikono ya kubeba gunia. Chakula cha mchana hakikumkuta. Alitoka chumbani shati limeloa uji.

"Dada Koku, mzee kanirushia kikombe. Mimi naenda zangu."

Nikasimama nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu kuingia nako sasa kulikuwa na masharti.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mkwe."

"Huyu kijana anajua kazi. Kwa nini umemkataa?"

"Wewe nilipozinduka nilikukuta. Sikukuchagua, Mungu ndiye alikuweka hapo. Huyu ameletwa na mwanangu ili yeye mwenyewe asinione."

Mihayo hajawahi kumnyima baba yake kitu. Godoro zuri, dawa, kiti cha magurudumu, vyote alileta. Lakini anasalimia akiwa mlangoni na kuaga akiwa mlangoni, na mzee hakuwa kipofu.

Dada yake Mihayo, Selina, aliyeolewa Sengerema, akanitumia ujumbe:

"Wifi pole. Mimi mtoto wa kike siwezi kumvua baba nguo. Mbane huyo Mihayo, amezidi kudeka."

Nikamjibu: "Usiniite wifi. Maneno hayo hayo ndiyo yametufikisha hapa."

Kesho yake asubuhi nilipopeleka chai, nilisikia harufu. Aliyewahi kuuguza wazee hahitaji kuambiwa ile ni harufu ya nini. Mzee alikuwa amelala chali, hajageuzwa tangu jana, juu ya kidonda chenyewe. Jasho lilikuwa linamtoka na bado amelishikilia shuka kifuani.

Nikampigia Mihayo.

"Uko wapi?"

"Dukani Buzuruga. Kuna mteja hapa anataka rejeta ya gari."

"Kidonda cha baba yako kinanuka."

Nikasikia honi za stendi upande wake.

"Nakuja na nesi mwingine. Safari hii namtafuta mtu mzima."

"Usije na mtu. Njoo na mikono yako."

Nikakata simu, nikazunguka kwenye mawe karibu nusu saa. Nilikuwa na hasira mpaka kope zinanicheza. Na hasira yenyewe sijui niigawe vipi, kwa mzee mbishi, kwa mwanawe mwoga, au kwangu mimi niliyekwenda kumpenda mtoto wa mgonjwa wangu kana kwamba Mwanza nzima imeisha wanaume. Nikafanya jambo ambalo lingeweza kuumaliza ubishi ule mara moja. Nikaingia chumbani, nikasimama mbele ya kitanda.

"Mzee, nimeghairi. Siolewi na Mihayo. Mimi ni nesi tena. Naomba ugeuke."

Mzee Shigela akazidi kulivuta shuka.

"Unampenda?"

"Hilo halihusiani na kidonda."

"Nimekuuliza, unampenda?"

"Nampenda, mzee. Na amenichosha."

"Basi ni mkwe. Ukwe si koti, kwamba unalivua ukisikia joto."

"Utakufa na heshima zako!" Nilimpigia kelele mgonjwa. Sijawahi, na machozi yalikuwa yananitoka. "Hiyo sumu ikiingia kwenye damu haitauliza nani mkwe nani nesi!"

"Nife nimesitiriwa."

Nilipogeuka nitoke, Mihayo alikuwa amesimama kwenye pazia. Alikuwa anahema, na mikononi hakuwa na kitu.

"Koku, umeniacha?"

"Nimekuacha."

"Kwa sababu ya kidonda tu?"

"Kwa sababu ipo siku nitalala mimi kwenye kitanda kama hicho, Mihayo. Nitazeeka. Nitajikojolea. Nitanuka. Siku hiyo utasimama mlangoni na funguo zako uniletee Antoni?"

Akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Glovu ziko wapi?"

"Kwenye droo ya juu."

"Wewe toka," akasema. "Kaa hapo koridoni uniambie cha kufanya. Baba, usinirushie kitu."

Nikakaa chini koridoni, uso ukutani, nikawa nafundisha uuguzi kwa sauti.

"Mgeuzie kwako. Shika bega na nyonga. Usimvute mkono ule mgonjwa!"

"Simvuti!"

"Unanivuta," mzee akasema.

"Sasa toa bandeji ya zamani, polepole."

Halafu Mihayo akatoka mbio, akanipita, akafika kwenye mawe na kutapika kila alichokula. Nikafumba macho. Nikajiambia, Kokulinda, umepata jibu lako, kusanya nguo zako uende stendi.

Nikasikia bomba linafunguliwa. Nikasikia hatua zinarudi. Akanipita tena, uso umeloa, hakusema neno, akaingia ndani.

"Endelea," akaita. "Nimetoa bandeji. Sasa?"

"Osha kwa yale maji ya chumvi. Usisugue, hilo si sufuria."

"Mikono yako ya baridi kama samaki sato," mzee akalalamika.

"Nimetoka kunawa, baba. Vumilia."

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaharisha ovyo. Mimi sikukimbilia nje."

"Baba, naomba unyamaze nimalize."

Nilihitaji kujua kidonda kina hali gani. "Kina rangi gani, Mihayo?"

"Nyekundu. Na kama njano. Sijui! Ngoja."

Simu yangu ikalia. Picha. Ndani kukalipuka.

"Umenipiga picha makalio?"

"Kidonda tu, baba! Nesi lazima akione."

"Nesi ni mkwe!"

"Haoni mwili, baba. Anaona simu."

Nikaziba mdomo nisicheke. Nikasubiri hukumu ya ukoo.

"Mtu hakatazwi kuangalia simu yake," hatimaye mzee akasema. "Ila ukimaliza ifute. Na Selina asitumiwe."

Picha ilinitisha, lakini hatukuwa tumechelewa. Daktari alikuja mchana uleule, akaandika dawa za kuua vijidudu, akamwambia Mihayo aoshe kila siku na kumgeuza mzee kila baada ya saa mbili. Nilingoja Mihayo aseme duka litafunguliwa na nani. Alimwambia mtu wake wa dukani ashike funguo.

Msidhani akawa malaika. Alimvalisha mzee pampasi kinyumenyume, akamwagia godoro maji, na kila asubuhi nilisikia wakigombana kama watu wawili wanaosukuma gari bovu. Mimi nilichemsha maji, nilipika, nilitazama picha, nilipiga kelele kutoka koridoni. Kuhusu kuolewa hakuniuliza tena, na mimi sikutia neno. Nilitaka kuona kama atachoka. Siku nyingine nilimsikia anaimba wimbo wa Kisukuma huku anaosha, na mzee anamrekebisha maneno.

Mpaka Jumamosi moja, picha ilipoingia kwenye simu. Nikaikuza kwa vidole. Nikaikuza tena. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na ngozi changa, nyembamba, imefunga.

"Umeona?" Mihayo akaita kutoka ndani.

"Nimeona."

"Kimefunga, si ndiyo?"

"Kimefunga." Nililia waziwazi, mgongo kwenye ukuta.

Kitambaa kikatumbukia kwenye beseni. Halafu sauti ya Mihayo ikaja upande wa pili wa pazia, karibu sana, lakini hakulifunua.

"Koku, nina jambo la kukuuliza. Safari hii sitangazi, nauliza."

"Mihayo, maliza kazi kwanza."

"Utaolewa na mimi?"

Kweli mtu hafundishiki! Asubuhi nzima ilikuwepo. Jumapili baada ya misa ilikuwepo. Nikaweka mkono kwenye pazia, nikausikia wake upande ule, una unyevu wa sabuni.

"Mkwe!" Mzee Shigela akapiga kelele kutoka kitandani. "Mjibu haraka, mimi niko uchi huku!"

"Ndiyo," nikasema.

"Kasema nini?"

"Kasema ndiyo, baba."

"Wabeja, asante sana. Sasa nipe suruali yangu."