Kidude Chini ya Usukani

Mwisho wa mwezi, kituo cha ukaguzi wa magari pale Bayamón hujaa kama nyumba yenye harusi. Siku ile magari yalipanga foleni mpaka barabarani, honi zinalia, na muuza alcapurria, vile vitumbua vya nyama, anapita dirisha kwa dirisha na ndoo yake, harufu ya mafuta ya moto ikimfuata. Katikati ya fujo hiyo Lymari alikaa ndani ya gari lake dogo jeupe, mikono juu ya usukani, hana haraka wala karaha. Alivaa blauzi yake ya kazini, rangi ya maziwa, yenye nembo ya duka la miwani kifuani, na nywele kazibana nyuma bila kuzitazama kwenye kioo.

Tangu aachane na mumewe alikuwa hivyo. Hakulia, hakulalamika. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: mkono upo, anauona, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Zamu yake ilipofika, mkaguzi alichomeka waya chini ya usukani, akatazama mashine yake, akatikisa kichwa.

"Dada, nani amechomoa betri hapa?"

"Binamu yangu. Taa ya injini ilikuwa inawaka. Akachomoa waya wa betri, taa ikazima."

"Taa imezima kweli, na gari nalo limesahau kila kitu. Kompyuta yake ni tupu, inatakiwa ijipime upya. Siwezi kukupa stika."

"Sasa nifanye nini?"

"Liendeshe siku kadhaa, urudi. Anayefuata!"

Nyuma yake mtu alicheka. Lymari alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, ndevu zimechongwa vizuri, ameegemea mlango wa gari kuukuu la kijani. Shati lake la buluu lilikuwa safi, ila kwenye kiwiko pana alama ya unga.

"Usione haya, bibie. Kisiwa kizima tumeshafanya kosa hilo. Mimi nimelifanya na nikalirudia."

"Wewe ni fundi magari?"

"Mimi? Mimi napika keki. Za harusi, za ubatizo. Hata za wanaoachana, wakitaka."

"Wanaoachana wanakula keki?"

"Kuliko wote! Maharusi wanaionja tu."

Mdomo wa Lymari ulitikisika. Ulitaka kucheka, haukufika.

Yule bwana alitoa mfukoni kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. "Hiki kinachomekwa palepale alipochomeka yeye. Simu yangu inakisoma bila waya, kinanieleza gari linaumwa wapi. Njoo Jumapili nikuangalizie kama kompyuta imeshajipima, usije ukapoteza siku nyingine hapa. Nakaa mtaa wa Hermanas Dávila, duka la mikate liko mbele yangu. Naitwa Radamés."

"Lymari."

"Njoo na njaa, Lymari."

Jumapili Lymari akaenda. Hakujua kwa nini anaenda. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kulipia maji.

Radamés alichomeka kidude, akaegemea nguzo ya banda la gari, akasoma simu yake. "Bado. Endesha tena wiki hii." Akamlisha wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe, akampa kahawa, wala hakumuuliza maswali. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Halafu zikaanza simu za jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nani amekupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Hakuna. Nimejipa mwenyewe. Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, mama. Mkate ni kitu cha kushikia chakula."

Lymari alikuwa anakata simu, anakaa nayo mapajani. Hakuweza kusema ana furaha. Ila saa ya simu ilipokaribia, alikuwa anapunguza sauti ya televisheni.

Jumapili moja, Radamés akiwa ameinama chini ya usukani, mvua ilikuja ghafla kama mtu amemwaga pipa, na umeme ukakatika mtaa mzima. Wakakimbilia ndani, wakala keki ya nanasi iliyopasuka, Radamés akitania gizani na madirisha yamefungwa mchana. Kidude kikabaki mahali pake. Hakuna aliyekikumbuka.

Siku ya Jumatano, Lymari alitoka kazini kachoka, akasimama mbele ya lile duka la mikate kumnunulia shangazi yake mkate. Hakutaka kuonana na mtu. Alikuwa amesharudi garini, mkate wa moto pajani, aliposikia simu.

"Najua ulipo," Radamés aliimba. "Uko hapa nje. Unaingia, au unanipita kama deni?"

Lymari alitazama nyumba. Mapazia yamefungwa. Barazani hapana mtu.

"Umenionaje?"

"Aa, mimi nina jicho la ziada kwako."

Vidole vyake viliingia ubaridi, halafu vikafa ganzi kabisa.

Najua ulipo. Maneno hayohayo yalikuwa ya Efraín, mumewe. Efraín aliweka kitu kwenye simu yake, akawa anampigia: najua ulipo, mbona umekaa sana duka la dawa? Najua ulipo, hiyo siyo njia ya kazini. Hakumpiga hata siku moja. Alijua tu. Alijua mpaka Lymari mwenyewe akawa hajui tena yuko wapi.

Aliinama, akapapasa chini ya usukani. Kidole kiligusa kitu. Kitaa cha buluu kilikuwa kinamkonyeza gizani.

Akakichomoa. Akawasha gari, akaenda nyumbani, akamkatia shangazi mkate, akampaka siagi. Alisubiri hasira ije. Alijiambia, angalau hasira. Haikuja. Akaosha kisu.

Radamés alipiga, hakupokea. Akapiga tena. Akatuma sauti: "Lymari, mpenzi, nimekosa nini? Kama ni ile keki iliyopasuka, nitapika nyingine." Kesho yake: "Kama umenichoka, niambie tu umenichoka. Mimi ni mtu mzima." Keshokutwa yake sauti haikuwa na utani tena: "Basi nijulishe kama u mzima."

Siku hiyo alipokea.

"Ni mzima. Kidude chako ninacho. Usinifuatilie tena."

"Kukufuatilia? Lymari, kile si—"

Akakata.

Wiki zikapita, hata hazikuwa na rangi. Lymari alikuwa anawavisha watu miwani, anawauliza, "Unaona vizuri sasa?" nao wanaitikia ndiyo, yeye anaandika. Jioni anarudi, anakula mkate.

Shangazi Iraida alikuwa mama wa rola kichwani kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, na gauni la maua la nyumbani lenye mifuko miwili mikubwa. Aliishi na Lymari tangu ndoa ivunjike na hakuwahi kumsukuma. Alisubiri mpaka Jumamosi moja asubuhi, walipotoka sokoni na ndizi.

"Taa ya gari imewaka tena," akasema.

"Nimeiona."

"Na kile kidude cha mpishi kiko kwenye droo ya vijiko. Nimekiona nilipotafuta kifungulia kopo."

"Shangazi, yule mtu alificha kitu ndani ya gari langu."

"Sawa. Efraín alijua ulipo mpaka Ponce, upande wa pili wa kisiwa. Huyu alijua ulipo ukiwa mlangoni kwake. Hata mimi ningejua."

"Siyo mzaha."

"Wala mimi sitanii, binti yangu. Unamwogopa mtu au unakiogopa kidude? Kama ni kidude, kiko hapa. Tukiulize kinajua nini."

Basi wakakitia garini, palepale kwenye banda la nyumbani. Lymari alipakua programu yake kwenye simu yake mwenyewe, akafuata maelekezo, kidole kizito. Kitaa cha buluu kikakonyeza, simu ikashika. Alitafuta ramani, hakuna. Akatafuta mahali gari lilipopita, hakuna. Palikuwa na joto la maji, nguvu ya betri, mshale wa mzunguko wa injini, na namba moja ya hitilafu yenye maelezo chini yake: mvuke wa mafuta unavuja, kagua kifuniko cha tangi.

Akazunguka nyuma ya gari. Kifuniko kilikuwa kinacheza. Alikikaza mpaka kikalia, akarudi kwenye simu, akabonyeza pa kufuta namba. Taa ya injini ikazima.

"Kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe?" shangazi akasema. "Kifuniko?"

"Shangazi, kaa kwenye usukani. Washa, ukanyage mafuta kidogo kidogo, usiache."

"Na rola hizi?"

"Na rola hizo."

Injini ikanguruma. Lymari akashika simu mbele yake kama mtu anayebeba mshumaa, akatembea. Mshale ulikuwa unapanda na kushuka kila shangazi anapokanyaga. Akafika lango, mshale unacheza. Akaupita mti wa maua mekundu. Unacheza kwa kusitasita.

"Bado nipo?" shangazi akapiga kelele.

"Bado!"

"Majirani wananiangalia!"

"Kanyaga!"

Alipofika kwenye uzio wa Don Celestino, anapofuga majogoo wake, mshale ukaganda. Akarudi nyuma, ukacheza. Akasonga mbele, ukaganda. Alifanya hivyo mara nyingi, mbele na nyuma, mpaka Don Celestino akatoka na shati la ndani kuuliza kama kuna jogoo amemkosea.

"Kinaishia hapa," Lymari akamwambia yule mzee.

"Nini kinaishia?"

Lymari alishusha simu. Alisimama pale juani. Furaha haikuja, wala machozi. Ila kitu kilikuwa kimesogea kifuani, kama kabati zito lililosukumwa kidogo tu, likaacha alama sakafuni.

Jumapili alivaa gauni la kijani ambalo hakuwa amelivaa tangu enzi za Efraín, akaendesha mpaka Hermanas Dávila. Kidude kilikuwa chini ya usukani. Kabla hajafika alizima simu yake kabisa, maana alishaona kuwa kidude kile hushika simu moja tu kwa wakati. Akasimama mbele ya duka la mikate. Hakupiga honi. Kama Radamés alikuwa amekifuta kwenye simu yake, hatajua kuna mtu nje, na Lymari atanunua mkate arudi kwao. Hivyo ndivyo alivyopanga. Lakini mkono ulikuwa umeng'ang'ania usukani.

Kitaa kilikonyeza pole pole. Kinatafuta. Mwanamke mmoja akatoka dukani na boksi la quesito, vile vikeki vya jibini. Kitaa bado kinatafuta.

Halafu kikatulia, kikawaka moja kwa moja.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Radamés alitokea na aproni, sukari ya keki kwenye ndevu, simu mkononi. Alifika langoni akasimama. Hakutoka nje.

"Imetetemeka," akasema, akiinua simu. "Nikajua ni wewe. Halafu nikaogopa kujua."

Lymari alishuka.

"Nilikisahau," Radamés akaendelea. "Siku ile ya mvua. Jumatano ile simu ikashika, nikafurahi kama mjinga, nikaleta utani."

"Najua. Nimekipima. Kinaishia kwa majogoo wa Don Celestino."

"Kwa nani?"

"Jirani yangu. Shangazi alikanyaga mafuta, mimi nikatembea."

Radamés alifungua mdomo acheke, akamwangalia, akaufunga.

"Mume wangu alikuwa anajua nilipo," Lymari akasema. Sauti yake ilikuwa bapa, kama anasoma risiti. "Kila siku. Alikuwa anapiga simu, anasema najua ulipo. Maneno yaleyale uliyoniimbia."

Radamés hakujitetea. Kisha akanyoosha simu juu ya lango.

"Nikifuta hapa, haitakujua tena. Futa mwenyewe."

Lymari aliipokea. Kwenye orodha kidude kilikuwa kimepewa jina: Jumapili. Kidole gumba kilikaa juu ya hilo jina. Akamrudishia simu.

"Usifute. Lakini kidude nakaa nacho mimi. Siku nikikichomeka, nimekuja kwako. Siku nisipokichomeka, hata ukiniona kwa macho yako hapo kwenye mikate, hujaniona."

"Sijakuona."

"Na huniulizi."

"Sikuulizi. Naweza kuuliza kingine?"

"Uliza."

"Ile taa ya injini?"

"Iliwaka tena. Kilikuwa kifuniko cha mafuta. Nimekikaza, nikafuta namba."

"Umefuta?" Radamés alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umefuta! Mama wee, kompyuta imekuwa tupu tena! Unaanza upya! Endesha, njoo, endesha, njoo!"

Hapo Lymari akacheka. Kicheko kilitoka kibaya, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Akaendelea kucheka mpaka akashika nguzo ya lango, na mikono ikaanza kumchoma kuanzia viganjani mpaka kwenye mabega, vile ganzi inavyochoma inapoachia. Iliuma. Radamés alitaka kumshika, akajizuia, akabaki na mikono hewani yenye sukari.

"Unalia au unacheka?"

"Sijui. Nifungulie lango."

Jumatano iliyofuata Lymari alipita kununua mkate, bila kidude. Radamés alikuwa mbele ya nyumba anamwagilia maua. Alipoliona lile gari jeupe aligeukia ukuta, akausimamia kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, maji yanamwagikia viatuni. Lymari alinunua mkate wake, akaondoka. Simu haikulia usiku ule mpaka alipopiga yeye.

Na Jumapili, mapema, akiwa bado kwenye banda la nyumbani kwake, aliinama chini ya usukani akakichomeka.

"Mbona unaweka sasa hivi?" shangazi akauliza dirishani, rola kichwani. "Si huko ni mbali? Hawezi kujua."

"Najua kwamba hawezi. Ninayejua niendako ni mimi," Lymari akasema, akawasha gari.