Mtu Aliyeuliza Saa San Marco

Bisha ukitaka. Wajanja kuliko wewe walibisha, leo wanalala na taa.

Venice nzima hakuna anayeendesha boti kama mimi, na shule niliiacha kabla haijaniharibu. Ndiyo maana binamu yangu Alvise, mpiga picha, alinichukua mimi kumbebea kamera. Alikuwa anatengeneza kitabu cha majengo ya mji wetu bila mtu hata mmoja ndani. Unaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, unaiacha wazi dakika kadhaa. Wanaotembea wanafutika. Anabaki asiyesogea.

Siku hiyo akasimika kamera katikati ya nguzo mbili za uwanja wa San Marco.

"Zunguka, Alvise. Hapo hatupiti."

"Bibi ndiye hapiti. Wewe ni bibi?"

Wenyeji hatupiti hapo kwa sababu zamani ndipo walipokatia watu vichwa, uso umeelekezwa kwenye saa ya mnara, mtu aione saa yake ya mwisho.

Picha ikatoka. Watalii wote wamefutika, kasoro mmoja: peku, shati jeupe, katupa mgongo. Juu ya ukosi hapakuwa na kitu.

"Vumbi tu," akasema Alvise, lakini kwa sauti ndogo.

Tukapiga daraja la Rialto. Yumo. Tukapiga mfereji wa nyumbani kwake. Yumo, kwenye ngazi za mlango wake wa majini, na safari hii ametugeukia.

Jioni nyumba ikanuka tope la maji kupwa na kamba mbichi, tukasikia nyayo zenye maji zikipanda ngazi taratibu, zikisimama, zikipanda tena, mpaka nje ya mlango, na sauti ya adabu, iliyotokea chini, usawa wa kiuno, ikauliza: "Samahani, saa ngapi?"

Bettina, binti wa Alvise, ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kusoma saa. Alimtajia kila mtu, hata asiyeuliza. Akakimbilia mlangoni.

"Mimi najua! Ni saa..."

Bibi yetu Orsola akamziba mdomo kwa kiganja. "Usimpe," akanong'ona. "Ukimtajia saa, unampa zako."

Akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji, akasoma maneno yale ya kufukuza mabaya, ambayo mtu hurithishwa usiku wa Krismasi tu. Mafuta yakatawanyika, yakatetemeka, mwisho yakatulia. Nyayo zikashuka.

"Kesho kaitupe kadi ya kamera mbele ya kisiwa cha makaburi," akaniambia. "Ukiulizwa, usijibu. Umesikia, mdomo mkubwa?"

Nikaitupa. Bettina mzima, anatutajia saa mpaka anachosha. Huwa naishia hapo.

Niliyoruka ni hii. Nikigeuza boti, mtu nyuma yangu aliuliza kwa adabu, saa ngapi. Abiria huniuliza hivyo kutwa, na mkononi nilikuwa na saa mpya niliyotaka ionekane.

"Kumi na robo, bosi."

Sikuwa na abiria.

Jumapili mchumba wangu alinipiga picha darajani, nimesimama kama jiwe. Daraja limetoka. Mimi sijatoka. Pale niliposimama kuna mtu peku, shati jeupe, na kichwa anacho.