Ukungu wa Chunya

Kila siku akitoka shule, Eveline Kalinga hubadilisha sare, hula kiporo, kisha husimama uani kumsubiri mama yake. Zamani alimtambua kwa kikohozi kabla hajaiona kanga yake. Siku hizi humtambua kwa wimbo.

Mama yake, Tekla, hulisha mawe kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu nje kidogo ya mji wa Chunya. Vumbi la karasha si la mchezo. Wafanyakazi walikuwa wakirudi nyumbani weupe kama watu waliolala kwenye mashine ya unga. Walijaribu kumwagia mawe maji kwa ndoo; wakapata tope, na karasha likakwama. Ndipo fundi Isakwisa, mtu wa Tukuyu mwenye utani mwingi, alipofunga mabomba juu ya mashine na kuyawekea nozeli, vichwa vidogo vinavyopuliza maji yakawa laini kama ukungu. Ukungu huo hulikamata vumbi na kulishusha chini, wala hauleti tope.

"Nilizaliwa Mufindi kwenye ukungu, nikaolewa Chunya kwenye vumbi," Mama alicheka siku ile ya kwanza. "Kumbe ukungu ulikuwa unanitafuta!"

Familia za wafanyakazi zilikubaliana kujaza kwa zamu simtanki, tangi la maji linalolisha mabomba hayo. Simtanki lilikuwa nje ya uzio, maana watoto hawaruhusiwi kuingia ndani. Zamu ya akina Kalinga ilikuwa Alhamisi, na Eveline alipeleka madumu manne kwa toroli kutoka kisima cha kanisani.

"Maji safi tu," fundi aliwaonya wote. "Nozeli zangu zina koo jembamba."

Alhamisi moja, siku tatu kabla ya sikukuu ya mavuno, foleni ya kisimani ilikuwa ndefu ajabu. Huko uwanjani jirani, kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira, rafiki yake Farzana, binti wa mwenye duka la vifaa, alikuwa akipaza sauti: "Eveline, fanya haraka! Bila wewe wale wa darasa la saba watatushinda rede!"

Eveline aliitazama foleni. Akalitazama kwa mbali lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, hatua chache tu kutoka kwenye simtanki. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Maji ni maji," alijiambia. Akachota, akamimina, akakimbia. Walishinda rede, wakaimba mpaka wakachoka. Ilikuwa jioni tamu kweli.

Kesho yake jioni, Eveline alisikia kikohozi njiani. Mama aliingia mweupe kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Nozeli zote zimeziba," alisema akishika kifua. "Vumbi la leo, mwanangu, we acha tu."

Jumapili, siku ya sikukuu ya mavuno, kwaya yao ya kanisani ingepokea wageni kutoka Iringa, na Mama ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo. Kwenye mazoezi ya jioni ile alianza mara tatu, akakohoa mara tatu. Mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole kwamba ikibidi, ataanzisha mwingine. Mama alirudi bila wimbo, akasonga ugali. Eveline alitamani hata agombezwe.

"Na bosi anasema kesho mabomba yang'olewe," Mama aliongeza. "Eti ni mapambo tu."

Eveline alirudisha tonge kwenye sahani. Angeweza kunyamaza, maana zaidi ya Farzana ni ng'ombe tu waliomwona. Lakini bila mabomba, kikohozi cha mama kingerudi kila siku.

"Mama, ni mimi," alisema, machozi yakimlenga. "Nilichota maji ya lambo ili niwahi rede."

Mama alinawa mikono. "Haya. Kesho utamwambia fundi mwenyewe, kwa mdomo wako."

Asubuhi walimkuta fundi Isakwisa getini, spana mkononi. Eveline alimwamkia, akasema yote bila kuficha kitu. Fundi akaenda kufungua nozeli moja, akamletea kiganjani.

"Kitundu hiki ni kidogo kuliko tundu la sindano. Tazama kilichomo." Alichokonoa, tope likatoka. "Ee! Tope la ng'ombe! Na mimi jana kutwa nzima naitukana pampu. Maskini pampu, nitaiomba radhi."

Eveline hakutegemea kucheka, lakini alicheka.

Fundi alimwomba bosi ampe muda wa saa tatu tu kabla ya kung'oa mabomba. Farzana naye, aliposikia habari, akatokea ameshika kitambaa cheupe kutoka dukani kwao. "Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Nusu ya tope ni langu." Wasichana hao wawili wakayamwaga maji ya lambo, wakalisuuza simtanki, wakasukuma toroli kisimani mara tatu. Fundi alizibua nozeli moja moja kwa sindano, kisha akafunga kitambaa mdomoni mwa simtanki kiwe chujio.

Pampu ikawashwa. Nozeli zikakoroma, zikatema mate, halafu ukungu ukatanda juu ya karasha. Akina mama wakapiga vigelegele. Bosi alifuta miwani yake iliyolowa na kusema, "Mabomba yabaki."

Jumapili, Mama alisimama mbele ya wageni wa Iringa. Eveline alifumba macho kwa hofu. Sauti ikapanda, ikatulia juu, ikakaa huko bila kukwaruza, na kanisa zima likaitikia. Eveline alipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Wakirudi nyumbani, Mama alimshika mkono. "Mwanangu, kazi yako ulidhani ni ndogo, kumbe ilibeba pumzi za watu. Njia ya mkato ilikuponza. Lakini ulipokosea ulisema kweli mapema, na ndiyo maana leo nimeimba. Ungenyamaza, nani angejua pa kuzibua?"

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Alhamisi ni zamu yetu tena."

"Kitambaa cha kuchujia kitakuwa kimechafuka," Eveline alisema. "Farzana amenipa kingine. Nimeshakifua."