Medali Isiyopimwa

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Kokushubila alichota maji, akamenya ndizi, kisha akamgeuza mama yake ubavu. Mama Felicitas alikuwa na uvimbe tumboni, na uvimbe ulikuwa unakua. Daktari wa upasuaji angefika Bukoba baada ya miezi miwili. Matibabu yalikuwa bure, ndivyo walivyotangaziwa. Ila hospitali haikuwa na nyuzi, glovu wala dawa ya usingizi. Daktari akishamwandikia, mgonjwa alijitafutia mwenyewe, kwa bei ya mlango wa nyuma.

Baba wa Kokushubila, Mutembei, alikuwa nazo fedha. Chama cha ushirika kilikuwa kimemlipa kahawa yake hatimaye, baada ya wakubwa kuyakalia malipo miezi minane. Lakini uvumi ulizagaa Kitendaguro nzima kwamba noti zitabadilishwa.

"Wakubwa wameshabadilisha za kwao," Mutembei alisema. "Mimi nitabaki na karatasi za kufungia chumvi, na chumvi yenyewe hakuna."

Akaamua kununua dhahabu, aiuze daktari akifika.

Jumamosi alikwenda na Kokushubila mtaa wa Bakoba, kwa Byarugaba, aliyeuza dhahabu kwa siri nyuma ya duka lisilo na bidhaa. Mutembei aliomba vipande vitatu vya kawaida. Byarugaba alivipima, akataja bei, kisha akavirudisha kwenye kitambaa.

"Nakuonea huruma, mzee wangu. Msako wa walanguzi umeanza. Mgambo wakikukuta na vipande hivi watavichukua, na wewe watakufunga. Chukua hii." Akafungua kiganja. Ilikuwa medali ya Bikira Maria. "Dhahabu tupu, tena imebarikiwa. Nani atathubutu kugusa mali ya Kanisa?"

Kwa medali hiyo moja alitaka fedha za vipande vyote vitatu.

"Mbona hii hukuipima?" Kokushubila aliuliza.

Byarugaba alicheka. "Kumbe umekuja na mkaguzi wa serikali! Kitu kitakatifu hakiwekwi kwenye mizani kama sukari, binti. Amueni upesi, padre wa Muleba anaifuata saa sita."

"Tata, tuulize kwanza kwa mwingine," Kokushubila alimnong'oneza baba yake.

"Nyamaza! Unanitia aibu."

Mutembei alifanya ishara ya msalaba, akatoa fedha zote. Stakabadhi hakupewa.

Daktari alipofika, waliipeleka medali kwa mzee Aroni, sonara wa mjini, wakamweleza na uzito wa vile vipande vitatu. Aliisugua kwenye jiwe, akaidondoshea tindikali, akaiweka kwenye mizani huku wakiona.

"Dhahabu ni ya kweli," alisema. Mutembei akashusha pumzi. "Lakini ni nyepesi mno. Haifikii hata nusu ya kipande kimoja kati ya vile ulivyoviacha. Robo ya fedha zako hairudi."

"Na baraka yake?"

"Baraka padre hutoa bure, Mutembei. Wewe uliuziwa woga wako."

Walirudi kwa Byarugaba mbiombio. Hakuinuka hata kitini.

"Nimekudanganya wapi? Si dhahabu? Nenda polisi basi, waambie ulinunua chumbani kwangu. Tutalala selo moja, ila mimi nitatoka asubuhi."

Mutembei alijua ni kweli. Waliowekwa kuwalinda wanyonge walikunywa chai chumbani mle mle.

Siku ile aliuza butura: kahawa yake ingali maua mtini, mavuno ya misimu miwili, kwa bei ya kutupa. Akauza na baiskeli. Glovu, nyuzi na dawa vikapatikana, uvimbe ukatolewa. Mama Felicitas alirudi nyumbani amebaki mifupa, lakini alirudi.

Kahawa ilipoiva, watu wengine waliingia kibanjani, shambani pale nyumbani, kuichuma. Mutembei alikaa kizingitini, mikono haina kazi.

"Tata, hata debe moja si letu?"

"Hata punje, mwana wange. Serikali ilinitia woga, Byarugaba akaufanyia biashara. Lakini aliyekunyamazisha ni mimi. Mtu akikukimbiza ununue, au akikutisha, mwachie kitu chake uondoke. Kitu cha thamani lazima kipimwe mbele ya macho yako, hata kama kimebarikiwa na Papa mwenyewe, na bei yake ukaiulize kwa mwingine kabla hujafungua mfuko. Ukinyimwa stakabadhi, jua unaibiwa. Uliuliza vizuri siku ile. Usiache kuuliza, hata mimi nikikukaripia."

Kokushubila alikaa kando yake kizingitini; shambani wachumaji walikuwa wameanza kushona midomo ya magunia.