Grisi kwenye Ncha ya Biti

Kila Jumamosi Chiriku alifagia karakana ya shangazi yake, fundi wa mageti. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Leo, hata hivyo, alifagia kimya kimya.

Jana, alipotoka shule, shangazi alimwachia bamba la chuma alitoboe. "Tia mafuta mepesi, tone kwa tone," alimwagiza, kisha akaenda kupima geti la mteja. Lakini mafuta yale huruka, na Chiriku alikuwa amevaa sare mpya. Akaona bora apake grisi, maana haichuruziki. Tundu halijafika nusu, moshi ukafuka na ncha ya biti, kile chuma cha kutobolea, ikageuka bluu. Akaifuta, akairudisha kwenye kopo lake na kujifanya hajui kitu.

Sasa shangazi alikuwa ameishika biti ile. Akamwita jirani yake, fundi wa vitanda.

"Juzi nilikuazima biti yangu. Ndiyo shukrani hii?"

"Dada, niliirudisha nzima."

"Kwa hiyo imejiunguza yenyewe? Usije tena kuazima kitu kwangu."

Jirani akainamisha kichwa. Hakuwa na biti yake mwenyewe, na mteja alikuwa anasubiri kitanda chake. Huyu ndiye aliyemchomelea Chiriku baiskeli bila hata kuombwa. Chiriku akaweka ufagio chini.

"Shangazi, ni mimi," alisema kwa shida. "Nilipaka grisi. Niliogopa kuchafua sare. Nisamehe. Na wewe mjomba, nisamehe."

Shangazi akamgeukia jirani. "Nimekuonea, ndugu yangu. Naomba radhi."

"Yameisha," alijibu jirani akitabasamu. "Leo chiriku wetu ameimba la maana." Kisha akarudi kwenye karakana yake.

Shangazi akainoa biti kwenye jiwe mpaka sehemu iliyoungua ikaisha. "Grisi hung'ang'ania pale ulipoipaka," alieleza. "Mafuta mepesi hushuka hadi kwenye ncha na kuipoza. Mpelekee mjomba wako hii aanze yeye, umshikie na kopo la mafuta."

Chiriku alipokuwa mlangoni, shangazi akaongeza:

"Biti ikiungua, tunainoa. Jina la mtu ukiliunguza, utalinoa kwenye jiwe gani? Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo."