Jiwe Chini ya Saruji

Siku ya kwanza Theodora alidhani kuna mtu anasaga uwele jikoni. Lakini jiko la ile hospitali ya wagonjwa wa akili, pale Mwankoko, lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na sauti ilitoka chini ya sakafu ya wodi ya wanawake. Krii, krii, kisha kimya kifupi, kama mwanamke anayechota konzi nyingine, kisha krii tena.

Waingereza walikuwa wamejenga wodi juu ya jabali ambalo wanawake wa Kinyaturu walisagia nafaka. Wenyeji walionya kwamba jabali lina mwenyewe, jini wa kike, na kila mavuno huachiwa konzi ya uwele. Mafundi wakamwaga saruji. Tangu hapo hakuachiwa kitu.

Theodora, mhudumu wa wodi, alinyamaza. Angemwambia nani? Katika nyumba ile kusikia sauti ndio ugonjwa wenyewe. Wahudumu wote walipita pale wakiimba nyimbo za kanisani kwa nguvu, eti wana furaha.

Aliyesema ni Stumai peke yake, mgonjwa kutoka Ulemo. Aliletwa kwa kulia mfululizo baada ya kujifungua, akapona. Kilichomzuia kumrudia mwanawe sasa ni kusema tu kwamba anasikia jiwe likisaga chini.

"Daktari anakuja leo," Theodora alimnong'oneza. "Mwambie husikii kitu, uende kwa mtoto."

"Na wewe, dada? Unasikia?"

Theodora akaendelea kukunja shuka.

Saa nne daktari Mzungu alipoketi mezani, wodi ikanukia unga mbichi wa uwele, jiwe likaanza polepole, likakaza, wino ukacheza kichupani, vumbi la saruji likapanda kutoka kwenye ufa wa sakafu likatua juu ya viatu vyake, na kile kimya cha kuchota kikazidi kuwa kifupi, kana kwamba aliye chini amechoka kusubiri, mpaka Theodora akahisi meno yake mwenyewe yakisagana.

"Bado unasikia jiwe?"

"Sisikii, Bwana Mganga."

"Nini?"

"Sisikii."

"Sema kwa nguvu!"

Stumai akamtazama. "Kwa nini tupige kelele, Bwana Mganga, na humu kuna kimya?"

Kalamu ikasimama. Daktari akamgeukia Theodora. "Wewe. Kuna sauti humu?"

Akikubali, Stumai si mgonjwa tena. Au watakuwa wagonjwa wawili. Theodora aliogopa, akaona aibu, na woga ukashinda.

"Hakuna!" alijibu kwa sauti iliyofika uwanjani.

Daktari akaandika kwamba Stumai, kwa swali lake lile, bado anasikia jiwe, hivyo abaki. Akapangusa viatu, akatoka haraka.

Hospitali ilifungwa zamani, na Stumai hakuiona Ulemo tena. Jengo sasa ni ghala la nafaka, na magunia yaliyo karibu na ufa hupungua ingawa panya hawaonekani. Wapakizi wa humo huongea kwa kupaza sauti hata wakiwa bega kwa bega. Ukiwauliza sababu, wanakwambia ni mazoea tu.